Biblia ya Union na Habari Njema: maneno mawili, nguvu moja

Katika Zaburi ya 23, Biblia ya Union, tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1952, inasema "bonde la uvuli wa mauti", ilhali Biblia Habari Njema, tafsiri iliyotolewa miaka ya 1990 kwa ushirikiano wa Wakatoliki na Waprotestanti, inasema "bonde la giza kuu". Ya kwanza ina mwendo wa Kiswahili cha zamani unaokaa kichwani, na ndiyo maana wazee wengi huisoma zaburi hiyo msibani bila kufungua kitabu. Ya pili humfaa zaidi kijana au mtu anayesoma peke yake, kwa kuwa sentensi zake ni nyepesi na hazimlazimu kutafuta mfasiri. Kwa ibada ya pamoja ningechagua Union. Kwa mafundisho ya ubatizo, Habari Njema. Lakini aliyefiwa, akisomewa "uvuli wa mauti" au "giza kuu", husikia ahadi ileile kwamba Mungu yu pamoja naye, na wengi wamefarijika kwa tafsiri zote mbili.