Duka la asili nyuma ya Darajani: ufuta mzuri, lebo inayoahidi mno

Katika vichochoro vya nyuma ya soko la Darajani, Unguja, lipo duka dogo la viungo na vipodozi vya asili ambalo jina lake nitalihifadhi, kwa kuwa ninayo ya kulisifu na ninayo ya kulilaumu. Nimefika hapo mara tatu tangu hedhi yangu ilipoanza kuruka miezi na joto la usiku likaninyima usingizi. Mwenye duka, bibi mtu mzima, akishaitikia shikamoo yako hukuuliza umri wako na dawa unazotumia.

Nilichokipenda zaidi ni ufuta wake, uliopepetwa hadi hauna hata chembe ya mchanga, na ambao huusaga mbele ya mteja. Ufuta una lignani, kemikali za mimea ambazo bakteria wa utumbo huzigeuza kuwa vitu vinavyoweza kushika vipokezi vya estrojeni, homoni ya kike, mwilini, ijapokuwa kwa nguvu ndogo sana kuliko estrojeni yenyewe. Isoflavoni, kemikali za namna hiyo zilizomo katika soya, nazo hufanya kazi kwa namna hiyo. (Kumbe sisi tuliolelewa kwa mkate wa ufuta tumezila lignani miaka yote bila ya kuambiwa.) Soya imechunguzwa sana kwa wanawake wanaopatwa na joto la ghafla, na matokeo yametofautiana: wapo waliopata nafuu kiasi, wapo wasioona lolote. Kwa hiyo kopo la unga wa soya lililoandikwa “husawazisha homoni za mwanamke” linaahidi jambo ambalo chakula hakiwezi kulidhamini. Lebo hiyo haisemi kwamba soya huweza kupunguza ufyonzwaji wa levothairoksini, dawa ya tezi ya shingo, wala ya uwatu, ambao huku kwetu mzazi hupewa ili maziwa yatoke, haimwonyi mwenye kutumia dawa za kisukari kwamba uwatu nao huweza kushusha sukari. Nilipoulizwa dawa ninazotumia nilidhani ndiko tunakoelekea, lakini mazungumzo yaliishia kwenye bei.

Kasoro kubwa iko kwenye vyombo. Mafuta ya nazi hupikwa uani, na niliyaona yakimiminwa yangali moto katika makopo magumu ya plastiki yenye namba 7 kitakoni, kundi ambalo polikaboneti, aina ya plastiki ngumu, imo. Polikaboneti hutengenezwa kwa bisfenoli A, kemikali ambayo tangu miaka ya 1930 ilijulikana kuiga estrojeni, na joto huzidisha kiasi kinachotoka kwenye plastiki. Umoja wa Ulaya uliiondoa katika chupa za watoto wachanga mwaka 2011. Nilipolitaja hilo, bibi alinijibu, “Mwanangu, mafuta haya safi, nimeyakamua kwa mkono wangu.” Safi yalikuwa, sina ubishi, ila mimi nilikuwa nikilisema kopo.

Singo, yaani mchanganyiko wa kusugulia mwili, ziko za aina mbili. Ya asumini, mawaridi na liwa harufu yake huondoka jioni, kama maua yalivyo. Ile ya bei nafuu ilininukia siku mbili, na manukato ya viwandani ya kudumu hivyo mara nyingi hutiwa thaleti, kemikali za kuifanya harufu idumu, baadhi yake zikiwa zinavuruga homoni. Chukua ya maua.

Mara ya tatu nilikwenda na chupa yangu ya kioo. Bibi aliyaacha mafuta yapoe, akanijazia, na akanipunguzia shilingi 500 za kopo.