Uzoefu wangu: bikabonati kwenye kioo cha oveni kilichokula moshi

Naoka keki za oda nyumbani Tanga, na jioni oveni hiyohiyo inachoma kuku wa familia. Kuku ndiye aliyeniharibia kioo. Mafuta yakidondokea sinia la chini yanafuka, moshi unaganda mlangoni, na kila ukiwasha tena unazidi kukaangika mpaka unakuwa kama vanishi, rangi ya chai iliyochemka mno. Nikawa sioni keki imeumuka au la bila kufungua mlango, na ukifungua mapema keki inashuka.

Sabuni ya vyombo haikufua dafu. Nikanunua dawa ya kupuliza yenye kostiki soda. Uchafu ulitoka, sitasema uongo. Lakini ilinikaba koo na madirisha yako wazi, na ukingo wa aluminiamu wa mlango ukapauka. Mabaka meupe yapo mpaka leo.

Sasa natumia bikabonati ya soda, ile ya unga wanayotia kwenye keki. Oveni ikishapoa kabisa, nakoroga vijiko vitatu vya unga na kijiko kimoja cha maji, iwe nzito kama siagi. Ikiwa nyepesi inateremka yote. Nalaza mlango, napaka, nafunika kwa nailoni isikauke, naenda kulala. Wengi wanakwama hapa: wanapaka, wanasugua baada ya dakika kumi, halafu wanasema ni uongo. Jamani, mafuta yaliyoungua miezi sita hayalainiki kwa dakika kumi.

Asubuhi unaikuta imegeuka kahawia. Nafuta kwa kitambaa kibichi. Palipobaki napitisha wembe, nimeulaza karibu ugusane na kioo, na kioo kimelowa. Gamba linanyanyuka kama ganda la kitunguu. Mwisho kabisa nafuta kwa siki kuondoa ukungu mweupe. Msichanganye siki na bikabonati tangu mwanzo: povu linapendeza macho, lakini vinauana nguvu na hakuna kinachobaki cha kusafisha.

Stili waya usiitie kabisa. Inachora kioo, na kioo chenye mikwaruzo kinaweza kupasuka kikipata moto. Kama umeishiwa bikabonati, chekecha majivu ya kuni yawe laini, chovya kitambaa kibichi, sugua taratibu. Mama alisugulia sufuria majivu kwa kumbi la nazi; kwenye kioo kumbi liache.

Kitu kimoja hakikuniridhisha. Mlango wangu una vioo viwili, na moshi ulioingia katikati bikabonati haiufikii. Ilibidi fundi afungue skrubu za chini ya mlango, tukasafisha kila kioo peke yake, tukarudisha. Na kama masizi yako ni meusi na moto wa gesi ni wa njano, mwite fundi asafishe kwanza bana, yaani kichomeo cha gesi, la sivyo utapaka kila wiki.

Jumamosi nilikaa kwenye kigoda mbele ya oveni, nikaitazama keki ya ndizi ikipanda mpaka ikapasuka juu. Mlango sikuugusa.