Nilivyopata Kompyuta Mpakato ya Kazi Mtandaoni: Uzoefu Wangu Kutoka Morogoro

Nina duka dogo la steshenari hapa Morogoro, na sehemu kubwa ya riziki yangu inatokana na kuchapa na kupangilia ripoti na tasnifu za wanafunzi wa SUA na Mzumbe. Mwezi Septemba 2025 kompyuta mpakato niliyoitegemea kwa miaka sita iligoma kuwaka, na fundi akaniambia kwamba bodi yake imeungua na kwamba gharama ya kuitengeneza inakaribia bei ya kununua nyingine. Nilikuwa na shilingi laki tisa. Kwa kuwa maduka niliyoyazungukia hapa mjini hayakuwa na mashine nyingi za kiwango hicho, niliamua kutafuta mtandaoni, na hatimaye nikanunua mara mbili. Mara ya kwanza niliumia na mara ya pili niliridhika, na ninaandika haya kwa ajili ya mtu mwenye fedha kama zangu ambaye bado hajajua amwamini muuzaji yupi.

Mtanzania anayenunua kompyuta mtandaoni hana soko moja kubwa la kukimbilia. Jumia ilifunga shughuli zake nchini Novemba 2019, na ingawa majirani zetu wa Kenya bado wanaitumia, sisi tumebaki na kurasa za Instagram, makundi ya WhatsApp, matangazo ya tovuti ya Jiji, na maduka ya Dar es Salaam yenye tovuti zao. Njia ya kuagiza Amazon kupitia wakala niliipima nikaiacha, kwa sababu juu ya bei kuna VAT ya asilimia 18 na malipo ya wakala kwa kila kilo, halafu mashine ikileta hitilafu, mwenye dhamana yuko Marekani nami niko Kihonda, hapa Morogoro.

Nilianza na ukurasa wa Instagram wenye wafuasi wengi na picha nzuri. Tangazo lilisema: HP EliteBook 840, Core i5, RAM ya GB 8, SSD ya GB 256, imetoka Uingereza, laki sita na nusu. Nilipouliza kama ni nzima, jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini: "Dada, mzigo ni wa UK, hauna shida kabisa. Tuma na ya kutolea, jioni naupakia kwenye basi." Namba niliyopewa ilikuwa ya mtu binafsi, na jina lililotokea kwenye simu kabla ya kuweka namba ya siri halikufanana hata kidogo na jina la ukurasa. Niliona tofauti hiyo kwa macho yangu, na bado nikatuma, kwa sababu wanafunzi walikuwa wananidai kazi zao.

Kesho yake nilipokea boksi kituo cha mabasi cha Msamvu, na nilipofika nyumbani nikaiwasha. RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ilikuwa GB 8 na diski, yaani ile SSD, ilikuwa GB 256 kama ilivyoandikwa, lakini kwenye ukurasa wa mfumo prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilisomeka i5-6300U. Namba hiyo ndiyo jambo ambalo ningependa kila mnunuzi alijue kabla ya kutoa shilingi moja. Kwenye mashine za umri huu, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa, kwa hiyo 6300U ni kizazi cha sita na 8250U ni kizazi cha nane. EliteBook 840 zipo za matoleo mengi: G3 ina kizazi cha sita, G5 nyingi zina kizazi cha nane, na kwa nje mtu asiyezizoea anaweza kuona ni mashine zilezile. Windows 11 kwa prosesa za Intel inataka kizazi cha nane kwenda juu, isipokuwa prosesa chache sana, wakati Windows 10 msaada wake wa kawaida ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Nilikuwa nimenunua mashine ambayo wiki chache baadaye ingeachwa nyuma, kwa bei ambayo kwa kuongeza kidogo ningepata inayofaa.

Betri ilikuwa hali mbaya zaidi. Ukifungua dirisha la amri la Windows na kuandika powercfg /batteryreport, mashine inakutengenezea ripoti inayoonyesha uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo uliobaki. Yangu ilianza na zaidi ya mWh 46,000, yaani wati-saa 46, na sasa ilikuwa inabeba takriban 17,000, yaani umeme ukikatika ninapata muda wa kuhifadhi kazi na kuaga.

Nilipompigia muuzaji, alinijibu kwa upole kwamba tangazo lilisema 840 na niliyopokea ni 840. Maneno yake yalikuwa kweli, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba tangazo lisilotaja toleo wala kizazi humwachia muuzaji nafasi ya kukupa chochote kilichopo. Baadaye alikiri kwamba yeye ni winga: hana stoo, anachukua mashine kwenye duka la mtu baada ya mteja kulipa, na duka hilo halina ahadi yoyote kwangu. Wapo mawinga waaminifu, na nimewahi kununua kwao vitu vingi, lakini kwa kompyuta iliyotumika mpangilio huo unamwacha mnunuzi bila mtu wa kumshika. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na FCC, yaani Tume ya Ushindani, ndiyo inayoisimamia, lakini ningepeleka malalamiko gani bila risiti, bila jina la biashara na bila namba ya mashine iliyoandikwa popote? Aliniambia niongeze laki mbili ili anibadilishie. Nilikataa, nikamuuzia fundi mmoja mashine hiyo kwa 480,000 baada ya kumweleza kila kasoro, na hasara ya 170,000 ikabaki kwangu.

Kabla ya kununua tena nilikopa laki moja kwenye kikoba chetu, na safari hii nikaanza na muuzaji kabla ya mashine. Niliwaandikia wauzaji sita ujumbe uleule, nikiomba video ya siku hiyohiyo inayoonyesha ukurasa wa mfumo, ripoti ya betri na namba ya mashine chini ya kasha, pamoja na karatasi yenye jina langu pembeni yake. Nikauliza pia kama watanipa risiti ya EFD, ile ya kielektroniki inayotambuliwa na TRA, kama naweza kukagua kabla ya kulipa, na kama waranti wanaiandika. Watatu hawakujibu tena. Mmoja aliniambia wateja wenye maswali mengi huwa hawanunui. Mwingine, badala ya video, alinitumia picha ya kompyuta mpya yenye prosesa ya Celeron N4020, RAM ya GB 4 na hifadhi ya eMMC ya GB 64, kwa bei inayokaribia fedha zangu zote, akisisitiza kwamba mpya ni mpya. Hapa natofautiana naye kabisa, kwa sababu GB 4 na GB 64 ndicho kiwango cha chini kabisa ambacho Windows 11 inakubali, na hifadhi ya aina hiyo imechomelewa kwenye bodi, kwa hiyo ikijaa huwezi kuing'oa na kuweka kubwa. Kwa mtu anayefungua tasnifu yenye picha na majedwali, hiyo ni mashine iliyochoka kabla haijaanza kazi.

Wa sita, duka la Kariakoo lenye tovuti yake, alinitumia kila nilichoomba kabla ya saa kumi jioni. Sitataja jina lake, kwa sababu uzoefu wa mteja mmoja si dhamana kwa wengine wote, na maswali yale yatakusaidia mahali popote kuliko jina la duka lililonifaa mimi. Mashine ilikuwa Lenovo ThinkPad T480 yenye i5-8250U, RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256, kwa 780,000. Nilipanda treni ya SGR asubuhi kwa nauli ya 13,000, na chini ya saa mbili nilikuwa Dar es Salaam.

Kijana wa dukani aliniachia mashine mezani akasema, "Kagua taratibu, mama, hakuna haraka." Nilifungua ukurasa mweupe kioo kizima kutafuta madoa, kisha nikachapa kila herufi mara tatu. Kwa kazi yangu kitufe cha ritifaa ni muhimu kama herufi yoyote, maana bila hicho huwezi kuandika ng'ombe wala ng'ambo, na kwenye mashine zilizotumika ofisini nimekutana na vitufe vya pembeni vilivyokufa bila mwenyewe kujua. Niliizima, nikaiwasha huku nikibonyeza F1 niingie kwenye mipangilio ya ndani, kwa kuwa mashine zilizotoka kwenye makampuni mara nyingine hubaki na nenosiri la mwajiri wa zamani, na kulitoa ni shughuli nzito. Haikuwa nalo. T480 ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma inayochomoka, na kwenye mashine hii kila moja ilianza na wati-saa 24. Ripoti ilionyesha ya ndani imebaki na 21 na ya nyuma 16, sawasawa na kwenye video.

Nililipa kwa Lipa Namba, na jina lililotokea kwenye simu lilikuwa lilelile la kwenye kibao cha duka na kwenye risiti ya EFD. Nilisisitiza namba ya mashine iandikwe kwenye ankara pamoja na waranti ya miezi sita, ambayo kwa maandishi yao haihusu betri wala kioo kilichovunjika. Ninaona ni haki, mradi umeambiwa kabla ya kulipa.

Mtu wa Kigoma au Mbeya hawezi kusafiri hivyo kwa ajili ya kompyuta moja, nami ningekuwa huko nisingesafiri. Ningemwomba ndugu au fundi aliyeko Dar es Salaam akakague kwa niaba yangu na kumlipa kwa muda wake, kisha fedha ziende dukani akiwa bado amesimama pale. Muuzaji akikataa mtu wako asiishike mashine, usimtumie hata senti.

Nimeitumia kwa miezi mitano. Inafungua tasnifu ya kurasa 300 bila kusita, na kwa kuwa ina nafasi mbili za RAM, fundi aliniongezea GB 8 nyingine bila kutoa ile ya kwanza. Kioo chake ni hafifu ukikaa kibarazani mchana, na spika zake hazifai kwa muziki. Betri ya nyuma imeshuka hadi wati-saa 13, jambo nililolitarajia, na naweza kuibadilisha mwenyewe bila kuzima mashine kwa kuwa ya ndani inaendelea kuishikilia. Wiki iliyopita nililiandikia duka lile kuulizia betri mpya ya nyuma. Walinijibu kwa bei na picha ya lebo yenye tarehe ya kutengenezwa, na safari hii sikuwa nimewaomba picha.