Programu haijui nusu nondo

Nina duka la vifaa vya ujenzi hapa Ngamiani, Tanga, na wenzangu wananiuliza hii programu ya mauzo niliyonunua ikoje. Jina la kampuni nalihifadhi.

Tuanze na nondo. Nondo nzima ni mita 12. Fundi anatoka zake Makorora anataka nusu, anakatiwa, anaifunga kwenye baiskeli, anaondoka. Programu haijui nusu. Kwake nondo ni moja au hakuna. Misumari ndiyo kichekesho: mimi nauza robo kilo, yenyewe inataka niihesabu. Nikapiga simu, kijana wa watu mpole kabisa: "Mama, ombi lako tumeliingiza." Hiyo ilikuwa Rajabu. Ramadhani imepita, Idi zote mbili zimepita. Binti wa kaunta anaandika nusu zote kwenye daftari, jioni tunakaa kutoa na kujumlisha.

Kabla ya hii nilikuwa na programu ya nyumbani. Mtoto wa kaka yangu alipomaliza chuo aliniandikia akiwa amekaa hapahapa juu ya mifuko ya saruji, anaona ninavyouza. Ile ilijua nusu, ilijua robo, ilijua hata kipande cha mita tatu ni mali, hakitupwi. Kwenye madeni iliandika "fundi kipara" na tukaelewana. Akapata kazi Dodoma. Siku moja umeme ukakatika, uliporudi kompyuta haikuwaka tena, na hesabu zote zilikuwa mle peke yake. Nampigia: "Shangazi, nikipata likizo." Nikahesabu mali upya siku tatu, mlango mmoja wazi mmoja umefungwa.

Hii ya kununua sifa yake ipo, sifichi. Kompyuta ikifa nachukua simu naendelea. Risiti ya TRA, wale wa kodi, inatoka hapohapo, ile VAT ya asilimia 18 inajikokotoa, sirudii kupiga kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Kwa hilo tu ada ya mwaka nalipa bila kununa. Ninachonunia ni kulipia kila mtumiaji wa ziada. Basi sote wanne tunaingia kwa nywila moja, na wenyewe wasisome hapa.

Nyota tatu. Muuza nguo au vipodozi, nunua tu. Anayeuza kwa kukata na kupima, kabla hajatoa hela amwite muuzaji dukani, amwambie auze nusu nondo akimwangalia. Mimi nilionyeshwa kwa soda, chupa mojamoja, nikasema mbona rahisi.