Kabati la kona kwa bodi mbili: uzoefu wangu wa kukatiwa bodi dukani na kuunga mwenyewe nyumbani, Moshi

Huduma ninayoizungumzia ni ya kukatiwa bodi na kubandikiwa ejingi (ule utepe wa kufunika kingo zilizokatwa) kwenye duka la vifaa vya samani hapa Moshi mjini. Unanunua bodi, unawapa karatasi ya vipimo, unaondoka na vipande tayari. Kwa kabati la kawaida la mstatili ningesema nenda tu. Kwa kabati la kona huduma bado ni nzuri, ila kona ina mambo ambayo mkataji hatakuuliza, na usipoyaandika kwenye karatasi yatakusumbua ukiwa umeshafika nyumbani.

Kabati lenyewe ni la pembe tano: migongo miwili inayolalia kuta, mbavu mbili fupi, na mlango unaokaa mshazari mbele. Limechukua sentimita 60 kila ukuta, na urefu ni sentimita 120 bila miguu. Huo urefu wa 120 nimeuchagua makusudi. Bodi ya MDF (unga wa mbao uliogandamizwa) yenye uso wa melamini, unene wa milimita 18, ina milimita 2440 kwa 1220, kwa hiyo vipande vyote vya kusimama vinatoka kwenye bodi moja, vikikatwa kwa kukingama: mgongo wa milimita 600, mgongo wa 582 (umepungua 18 kwa sababu unagota kwenye mwenzake), mbavu mbili za 282, na mlango wa 430. Jumla ni 2176, ukiongeza milimita 4 za meno ya msumeno kwa kila mkato bado unabaki na zaidi ya sentimita 20. Ukitaka kabati la sentimita 180, andaa bodi tatu.

Bodi ya pili inatoa kitako, kifuniko na rafu tatu. Zote tano ni kipimo kimoja: mraba wa 564 kwa 564, kisha kona moja inaondolewa. Alama ya kuondoa kona iko katikati kabisa ya kila upande, yaani 282, hivyo hata mkataji akipimia upande gani hakosei. Sehemu ya mbele inabaki na kama milimita 399.

Hapo ndipo nilipopata kasoro ya kwanza. Rafu moja ilitoka na 560. Sababu ni kwamba alama zote zilipigwa kwa penseli kwa mkupuo mmoja, na msumeno ukala milimita 4 kila ulipopita. Kata kwanza, ndipo upime kipande kinachofuata. Bodi ilikuwa na nafasi ya mraba mwingine, wakanikatia upya bila kunidai. Pimeni pale pale dukani, kipande kwa kipande, kabla ya kupakia kwenye guta. Na kipande cha kwanza kikitoka, kigeuze uangalie upande wa chini: melamini ikiwa imemenyuka kama ganda la yai, meno ya msumeno yamechoka au mashine haina ule msumeno mdogo wa kuchana chini kwanza. Omba wabadilishe kabla hawajaendelea.

Jambo la pili ni ukingo wa mbele wa mbavu. Mlango umekaa mshazari, kwa hiyo ukingo huo lazima ukatwe nyuzi 45, upande wa ndani ubaki 282 na wa nje 264. Usipokatwa hivyo, mlango utagusa ncha ya nje tu na ndani utabaki uwazi wa zaidi ya sentimita moja ambamo mende watapita bila kuinama. Mashine ya ejingi ya duka hili haibandiki ukingo wa mshazari, inabidi ubandike kwa mkono kwa gundi ya kontakti. Ejingi ya bodi ya 18 kwa kawaida ina upana wa milimita 22, na ukingo uliolazwa una upana wa 25 na ushee. Haifiki. Anzia ncha ya nje uje ndani. Kile kipande kitakachobaki wazi kitafunikwa na mlango. Kwenye kingo zilizonyooka kazi yao ya ejingi ni safi, isipokuwa kona mbili za mlango zilizobanduka kwa ukucha. Zijaribu zote kwa kidole kabla hujalipa.

Sasa bawaba, na hapa nawaomba sana msikubali jibu la haraka. Dukani utapewa bawaba za kikombe za kawaida (zile ambazo kikombe chake kinazama kwenye tundu la mlango), ambazo zimetengenezwa kwa mlango unaokutana na ubavu kwa nyuzi 90. Hapa vinakutana kwa nyuzi 135. Bawaba inayofaa ni ile ya nyuzi 45 maalumu kwa kona, na mimi sikuipata. Dawa yake ni mbao ya saipresi ya inchi mbili kwa mbili, ipasuliwe mshazari kutoka pembe hadi pembe. Unapata pembetatu mbili. Uso mpana unaulaza kwenye ubavu kwa ndani kwa gundi na skrubu, ncha nyembamba ikiwa mbele kabisa. Uso mmoja kati ya miwili iliyobaki unakuwa umesimama mraba na mlango. Bawaba ya kawaida inakaa hapo, matundu ya bamba lake yakiwa milimita 37 kutoka mbele, mbao ikiwa na unene wa kutosha kushika skrubu, na uwazi wa mlango haupungui hata kidogo. Saipresi ipo tele huku kwetu, inatoka mashamba ya miti ya West Kilimanjaro na Meru, ila chagua iliyokauka. Mbichi itajipinda na mlango utaifuata.

Tundu la kikombe ni milimita 35, kina 12 na nusu, kitovu chake milimita 22 kutoka ukingoni. Waachie duka watoboe, wana keekee yake. Bawaba ni tatu.

Ukutani, usiamini kona ya nyumba. Pima sentimita 60 ukuta mmoja, 80 ukuta wa pili, na kati ya alama hizo iwe 100. Ikipungua, kona imebana na kabati halitaingia. Ndani kabisa lipu huwa imejaa na kufanya duara, kwa hiyo lamba kidogo kwa randa ile ncha ya nyuma inapokutana migongo. Halafu kuna skatini, ule mstari wa vigae chini ya ukuta: hiyo ndiyo inayofanya makabati mengi yasilale ukutani. Miguu ya plastiki ya kurekebisha, iinue hadi sentimita 11, mgongo unapita juu ya skatini ya sentimita 10. Miguu hiyo hiyo inaokoa kitako na maji ya deki, maana MDF ikinywa maji inavimba na hairudi. Kingo za chini zisizo na ejingi zipake rangi ya mafuta mara mbili, hasa kabla ya masika.

Kuunga: skrubu za milimita 4 kwa 50, idadi kama 60. Kila tundu litobolewe kwanza kwa keekee ya milimita 3, na usikaribie mwisho wa bodi chini ya milimita 25, vinginevyo MDF inapasuka katikati ya unene kama mkate. Anza na migongo miwili, kitako, kifuniko, rafu zote, ndipo mbavu. Ukifunga mbavu mapema, rafu zitakutesa kuingia. Kabla hujakaza skrubu za mwisho pima mlalo kwa pimamaji, kisha lifunge ukutani kwa plagi mbili za milimita 8 karibu na kifuniko.

Kuhusu gharama, unadaiwa kwa kila mkato na kwa kila mita ya ejingi, mbali na bodi. Kabati hili linakula kama mita saba za ejingi, ukihesabu mlango, mbele ya rafu na kingo za juu. Vipande vilivyobaki ni vyako, vidai. Mimi niliambiwa ni takataka, na kati yake kulikuwa na kipande cha zaidi ya sentimita 70 kwa 120.