TAHADHARI: Ukurasa wa "huduma kwa wateja" unaowinda watu wenye shida za krediti na bando

Watu wa Nakuru, nanyi mlio Njoro, Molo na Gilgil, mpaka wenzetu wa Kisumu na Kakamega: kuna ukurasa wa Facebook unaojifanya huduma kwa wateja ya kampuni ya simu. Jina ni la kampuni, nembo ni ya kampuni, rangi ni zilezile, ila mwishoni wameongeza neno "Msaada". Si wa kampuni. Ukilalamika hadharani kuhusu krediti au bando, watakujia faraghani kabla kampuni yenyewe haijaamka. Jirani yangu mwenye kibanda cha mboga Kaptembwo ameshalizwa. Mimi nao walinijia, nikawafuata makusudi nione wanapoelekea.

Kampuni siitaji. Nina kisa nayo na nitakieleza, kwa sababu bila kisa hicho wezi hawa wasingekuwa na kazi.

Laini yangu ni ya kulipia kabla kama za wengi wetu. Unaweka krediti ya mia, unanunua bando, unaendelea na shughuli zako. Majuzi nikaanza kuona kila nikiweka krediti, shilingi kumi zinaliwa asubuhi kabla sijampigia mtu. Kisha unaingia ujumbe wa mistari miwili wenye "siri za mapenzi". Mimi ni mtu mwenye wajukuu. Siri za mapenzi za shilingi kumi kwa siku nazipeleka wapi? Sikujiunga popote. Huduma hizi huendeshwa na kampuni ndogo zenye nambari fupi, kampuni ya simu inakukata krediti, halafu wanagawana. Inasemekana ukituma neno STOP kwa nambari ile fupi unatolewa. Nilituma, nikajibiwa kwamba ombi langu linashughulikiwa. Kesho yake kumi ikaenda tena.

Basi ukaribie huduma kwa wateja uone. Sauti ya mashine inakukaribisha, inakutangazia bando mpya ambayo hukuiuliza, kisha inakupa orodha: bonyeza moja, bonyeza mbili. Shida yako haimo katika namba yoyote kati ya hizo. Ukibahatika kupelekwa kwa mtu, unachezewa muziki, halafu simu inakatika. Siku niliyompata binti mmoja, mpole kwa kweli, aliniambia krediti haikukatwa na wao bali na "mtoa huduma mwingine", niongee naye. Mtoa huduma huyo ana nambari ya tarakimu tano isiyopigika. Duka lao la mjini nalo foleni inafika mlangoni, na mlinzi anakwambia mambo ya krediti hayashughulikiwi hapo, piga simu. Nani atapoteza nusu siku ya kazi kwa ajili ya shilingi kumi? Kampuni inalijua hilo vizuri kuliko wewe, na kumi yangu ikijumlishwa na yako na ya yule wa Bahati inakuwa fedha ya maana.

Ndipo nikaandika chini ya tangazo lao moja la Facebook, kwa hasira, wazi wazi. Kampuni ikanyamaza. Lakini chai haikupoa, jibu lilikuwa limeingia kwingine: "Mpendwa mteja, pole sana kwa usumbufu. Tumeona lalamiko lako na tungependa kulitatua leo. Tuandikie hapa namba yako." Kiswahili safi, heshima tele, na haraka ambayo sijawahi kuiona kwa kampuni yoyote ya simu nchi hii. Hiyo haraka yenyewe ndiyo iliyonishtua.

Nilibonyeza jina la ukurasa nikaenda sehemu inayoonyesha ulianzishwa lini na umewahi kuitwa nani. Facebook huweka habari hizo wazi kwa kila ukurasa, wengi wetu hatuendi huko. Ulikuwa na umri wa wiki chache, na jina lake la kwanza lilikuwa la kutabiri mechi za mpira. Nikaamua kucheza nao. Nikawapa namba ya laini nyingine ambayo haina hata senti, na jina la kubuni.

Wakataka namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa. Nikabuni. Kisha maswali yakageuka: laini hii inatumika kupokea pesa? Nimewahi kukopa kwa simu? Kiwango changu cha mkopo ni shilingi ngapi? Jiulize, mtu anayetaka kukurudishia shilingi kumi ya krediti, kiwango chako cha mkopo kinamhusu nini? Hapo ndipo penye nia yao. Wakishaingia kwenye laini hawatosheki na kilichomo. Wanakukopea pia mpaka kikomo, wanatuma, wanatoa, na deni linabaki kwa jina lako.

Baadaye ikapigwa simu kutoka kwa namba ya kawaida tu ya 07. Kijana mwenye sauti ya ofisini, nyuma yake kelele za watu wengi wakiongea kama vile yuko kwenye chumba cha huduma. Akanitaka nibonyeze kodi, yaani ule msimbo wa nyota na namba, "ya kufuta huduma zote za kulipia". Ilianza na *21*, ikafuatwa na namba ya simu, na mwisho alama ya reli (#). Anayeijua ataelewa mara moja. Kodi hiyo haifuti chochote. Inahamisha simu zako zote ziende kwa namba waliyoitaja. Ukishaibonyeza, mtu akikupigia wanapokea wao, na zile nambari za uthibitisho ambazo WhatsApp inaweza kukusomea kwa kupiga simu zinasomwa sikioni mwao. Akaunti inaondoka, kisha jamaa zako wanaanza kuombwa pesa kwa jina lako.

Nyingine wanayopenda ni *33*0000#, ambayo inafunga simu zinazotoka. Wanakupa hiyo ili usiweze kumpigia mtu wakati wao wanafanya kazi. Kodi hizi ni za mfumo wa simu wenyewe, si za kampuni fulani, ndiyo maana zinakubali karibu kwenye laini yoyote. Ukitaka kujua kama simu zako zinahamishwa, bonyeza *#21#. Ukikuta namba usiyoijua, ##002# inafuta uhamishaji wote. Fanya sasa hivi kabla hujaendelea kusoma, na umfanyie mzazi wako pia.

Nilipomwambia kijana kwamba kodi imekataa, akanibembeleza, akanifokea, kisha akakata. Ukurasa ukanizuia dakika hiyo hiyo.

Jirani yangu hakuwa na bahati ya kuwa na laini ya ziada. Bando yake ya mwezi ilikwisha kabla ya wiki mbili, akalalamika, wakamjia. Aliwapa namba ya kitambulisho na mwaka wa kuzaliwa kwa nia njema, maana waliomuuliza aliwaona ni kampuni. Wakamwambia laini yake inaboreshwa, azime simu kwa muda. Alipoiwasha, mtandao haukuwepo. Alidhani ni kawaida, mtandao wetu si unapotea kila mvua ikinyesha? Kumbe laini yake ilikuwa imeshahamishiwa kadi nyingine mikononi mwa mtu mwingine. Pesa ya kununua sukuma na nyanya za asubuhi ikaenda, akiba ya chama ikaenda, na mkopo ukachukuliwa juu.

Kilichoniuma zaidi ni kilichofuata. Laini ikiwa imekufa huwezi kuipigia huduma kwa wateja, kwa hiyo akaazima simu yangu. Tukasikiliza matangazo ya bando. Tukabonyeza moja, tukabonyeza mbili. Mtu alipopatikana, alimtaka jirani ataje namba tatu alizopigia mara za mwisho, kiasi alichoweka krediti mara ya mwisho na siku gani. Mama wa watu ameibiwa, anatetemeka, atakumbuka vipi aliweka hamsini au ishirini? Akakosea moja, akaambiwa aende dukani na kitambulisho. Duka lilikuwa limefungwa, maana ilikuwa jioni. Kwa hiyo mwizi aliyekuwa na namba ya kitambulisho tu alipewa laini, na mwenye laini aliye na kitambulisho mkononi akaambiwa arudi kesho. Kuna siku kampuni itatueleza hesabu hiyo.

Watu husikia wizi wa laini wakaanza kuitaja Mulot, pale mpakani mwa Narok na Bomet, kwa sababu kesi nyingi za miaka iliyopita zilihusishwa na huko. Msijidanganye kwamba ukimjua mtu wa kutoka pale umemjua mwizi. Namba iliyonipigia mimi niliifuatilia kwa kuanza kutuma pesa nisimalize, jina likajitokeza: la mwanamke. Aliyenipigia ni mwanamume. Nina hakika mama huyo hajui kama ana laini hiyo.

Na hapo ndipo tunakuja kwenye miavuli. Unajua wale vijana wa kuuza laini, mwavuli wa rangi ya kampuni, karibu na stejini na sokoni. Wengi ni watu wa haki wanaotafuta riziki. Lakini kuna ujanja ambao nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja mjini hapa: unatoa kitambulisho, anakipiga picha, anapiga uso wako picha, kisha anasema mtandao umekataa, turudie. Unarudia. Wewe unaondoka na laini moja, na nyingine iliyosajiliwa kwa jina lako inabaki chini ya mwavuli. Hiyo ndiyo itakayouzwa kwa yule kijana wa sauti ya ofisini. Mtakumbuka 2022 tulivyosukumwa kusajili upya laini, tarehe ikiwa 15 Aprili, kisha ikasogezwa mpaka 15 Oktoba, foleni kila mahali. Tuliambiwa ni kwa ajili ya kumaliza wizi kama huu.

Bonyeza *106#, iwe uko Safaricom, Airtel au Telkom. Utaonyeshwa namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako kwenye mtandao huo. Jirani aliikuta moja asiyoijua. Ukiikuta, ikatae hapohapo au nenda dukani wakaiondoe, usingoje, maana polisi wakifuatilia wizi wataanza na jina lililosajiliwa. Ukinunua laini mpya, inunue dukani, na mtandao "ukikataa", kaa palepale mpaka uone ujumbe wa usajili, kisha ubonyeze *106# mbele yake.

Kuhusu kujua nani wa kweli: Safaricom imekuwa ikisema hupigia wateja wake kutoka 0722 000 000 pekee, na wateja wake wanaweza kubonyeza *100*100# ili laini isibadilishwe kadi popote ila kwenye maduka yake. Walio mitandao mingine waulize dukani kwao kuna kinga gani ya namna hiyo. Alama ya buluu kando ya jina isikupumbaze, siku hizi inalipiwa, kwa X (zamani Twitter) tangu 2022 na kwa Facebook tangu 2023. Na namba ya siri hakuna mfanyakazi wa kampuni yoyote mwenye haja nayo.

Aliyeibiwa tayari: mtandao ukipotea ghafla na wa jirani upo, usisubiri. Azima simu, wapigie waifunge laini, na useme neno "wizi" mwanzoni kabisa, kwa maana tuliona wanakuwa wepesi kidogo ukilitaja. Nenda kituo cha polisi uandikishe na uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, maana bila hiyo hakuna wa kukusikiliza kuhusu mkopo. Andika lalamiko kwa kampuni kwa maandishi, usitegemee simu, uweke nakala. Wakikuzungusha, Mamlaka ya Mawasiliano inapokea malalamiko ya wateja ambao kampuni zao hazikuwatatulia, na kanuni za kulinda wateja za 2010 zinawabana wenye leseni wawe na njia ya kushughulikia malalamiko. Haki ya mtumiaji iko kwenye Kifungu cha 46 cha Katiba. Kama kitambulisho chako kimetumika kusajili laini za watu, hilo ni la Kamishna wa Kulinda Data, chini ya sheria ya 2019.

Najua kuna watakaoniambia nihame mtandao. Ruhusa ya kuhama na namba yako imekuwepo tangu 2011, ndiyo. Mwambie hilo mwanamke ambaye wateja wake wote wanalipia mboga kwa namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye mbao za kibanda.

Jirani amerudishiwa laini yake. Pesa bado. Deni la mkopo bado linasomeka kwa jina lake na kila wiki anaambiwa linachunguzwa. Zile siri za mapenzi zangu zilikoma baada ya kuandika barua na kutaja Mamlaka, na hakuna aliyenirudishia senti.

Ukurasa wenyewe bado uko hewani ninapoandika haya, umebadilisha picha tu. Uripoti kwa Facebook kwamba unajifanya kampuni nyingine, na kama walikupata wewe pia huku Rhonda, Free Area, Kondele au popote, weka hapo chini namba waliyokupigia nayo na kodi waliyokutaka ubonyeze, tuziweke pamoja kwenye lalamiko moja.