Fida ya nondo tuliyouziwa bila laina

Msinunue. Nilitaka kuandika neno hilo moja tu, lakini mwenye karakana mwingine, awe Katwe au Namanve huku Uganda, anastahili kujua sababu.

Ni fida fupi, yaani mashine ya kulisha nondo, ile inayoingiza nondo yote ndani ya spindeli, mhimili wenye tundu unaozunguka, ya mashine ya kukereza ya CNC, inayoongozwa na kompyuta. Kazi yetu ni bushi, vile vipete vya chuma vya kushikia mhimili, za mashine za kusaga mahindi, nondo ya milimita 25. Tundu la spindeli ni 52. Nafasi ya milimita 27 nondo inachezea humo! Lazima pawe na laina, bomba la ndani la kuituliza, lenye tundu linaloizidi nondo kwa milimita 1 hivi. Waliotuuzia hawakuileta. Hata kwenye ankara haikutajwa.

Ilipofika mizunguko 1,800 kwa dakika, mashine nzima ikatetemeka. Bushi zikatoka na mawimbi, ukipitisha ukucha unayahisi. Fundi wao alikuja baada ya wiki kadhaa, hakufungua hata kifuniko. "Ssebo (bwana), nondo zenu zimepinda, nunueni nzuri." Akaandika hivyo kwenye fomu, akadai na nauli. Tukaizungusha nondo mbele yake, tukaipima kwa saa ya kupimia: mpindo haukufika nusu milimita kwa mita. Hakuitupia jicho hiyo saa. Mtu umemwekea kipimo mbele ya macho, yeye anatafuta kalamu!

Laina tulitengeneza wenyewe. Bomba la chuma linaloingia kwenye 52 bila kulegea, ndani yake pete 6 za nailoni zilizotobolewa 26, mdomo wa kila pete umepanuliwa upande nondo inakoingilia, la sivyo ncha inajikwaa. Pete zikiachana sana, nondo inapiga katikati yake. Sasa tunazungusha 2,500 na hakuna mtetemo.

Kwa haki, fida yenyewe inafanya kazi vizuri mno. Nondo ya mita 6 inatoa vipande 6 vya milimita 990. Urefu wa bushi ni milimita 41, kisu cha kukatia kinakula 3, kusawazisha uso 1, jumla 45. Bushi 20 kwa kipande, zinabaki milimita 90 ambazo koleti, kibanio cha nondo kwenye spindeli, haizishiki vizuri. Ila nondo za dukani zilizokatwa kwa shia, mkasi wa mashine, zina ncha iliyovimba. Inakwama kwenye koleti, kisukumio kinaendelea kusukuma, alamu inalia. Kata kwa msumeno, chonga ncha kwa pembe ya nyuzi 30. Na umeme ukikatika kisha ukarudi, usibonyeze kuanza: fida imeshasahau kisukumio kiko wapi. Kirudishe nyuma kwanza kwa vitufe vya mkono, na koleti isifunguliwe kabla spindeli haijasimama kabisa.

Basi nunueni, lakini laina ya kila kipenyo mnachokereza iandikwe kwenye ankara kabla ya kulipa.

Au msinunue kwa hawa. Sensa ya kisukumio imekufa juzi, dhamana haijaisha, na wamekataa kuibadilisha kwa sababu fomu yao inasema nondo zetu zimepinda.